Muziki wa Bata na Mluzi wa Aloys

Hadija alinipigia simu asubuhi, nikiwa jikoni nachambua sombe, majani ya muhogo. Hakunisalimia kwanza, na Hadija si mtu wa kuacha salamu. "Consolée, bamenipigia toka Bukavu," alisema. "Papa Gaspard amekufa. Batamuzika kesho kutwa. Utakuja?" Nikamwambia nitaona. Yeye, labda kwa kunifariji, akaisogeza simu kwenye kisanduku cha muziki alichonacho dukani, nikasikia chupa zikilia, kengele ya baiskeli ikiingia mahali isipotakiwa, na ile sauti ya kitana kilichofungwa karatasi ya sigara, sauti ya bata anayejiona mtu mkubwa. Nilikata simu kabla muziki haujafika upande wa pili wa kaseti. Watu wa rika langu, huku Kamembe na ng'ambo ya mpaka, Bukavu, wanaijua kaseti ile kama wanavyojua majina ya shangazi zao. Waliokuwa watoto wakati ule sasa wanawaimbia watoto wao. Husema ni muziki wa kuchekesha usiomdhihaki mtu yeyote. Mimi nimenyamaza miaka yote hiyo wakisema hivyo mbele yangu.

Ulikuwa mwaka wa pili wa ile vita ya pili ya Kongo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikiongoza kwaya ya parokia na kushona vifungo katika duka la ushonaji la Hadija siku tatu za juma. Papa Gaspard alivuka daraja la Rusizi akiwa na akodioni iliyofungwa ndani ya blanketi na likembe mbili, zile za kupigwa kwa vidole gumba, mfukoni mwa koti. Kule Bukavu alikuwa mwalimu wa muziki katika shule moja iliyofungwa kwa sababu ya risasi. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya kuinama, na alicheka kabla ya kumaliza kusema jambo la kuchekesha, hivyo mara nyingi hatukulisikia jambo lenyewe. Hadija alimpa chumba cha nyuma ya duka. Kilikuwa chumba cha kuwekea mitumba na mabaki ya vitambaa, na Papa Gaspard aliona vitambaa vile akafurahi kama mtu aliyepewa nyumba. Alivitundika ukutani vyote, vitenge juu ya vitenge, mpaka sauti ya barabara ikafa kabisa. Ukiingia mle, ulijisikia umeingia ndani ya nguo ya mama yako.

Kazi ilitoka kwa mwanamke mmoja mzungu tuliyemwita Mademoiselle. Alikuwa ametengeneza filamu ya vikaragosi vya nguo, ya kuonyesha watoto wa pande zote mbili za ziwa. Ilikuwa hadithi ya bata anayetaka kununua viatu. Bata yule anakwenda sokoni, viatu vyote vinakataa miguu yake, anarudi nyumbani peku akijifanya hakuvitaka. Basi, hadithi yote ndiyo hiyo. Hakukuwa na maneno, ili kila mtoto aelewe kwa lugha yake, na kwa sababu hakukuwa na maneno muziki ulitakiwa kusema kila kitu. Papa Gaspard alitafuta mtu anayejua kusoma noti, asiyecheka ovyo wakati wa kurekodi. Hadija akamwambia, "Huyu Consolée hacheki hata ukimulipa." Hivyo ndivyo nilivyoingia.

Sijapata tena kufanya kazi yenye furaha kama ile, na hilo nalisema ingawa limenichukua miaka kulikubali. Tulikuwa na chupa kumi na nne, za bia na za soda, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumimina maji na kuyapunguza kwa kijiko mpaka kila chupa itoe noti yake. Maji yalipungua na joto la mchana, kwa hiyo baada ya chakula chupa zote zilikuwa zimepanda sauti kidogo na ilibidi tuanze upya. Hadija alikanyaga cherehani bila kuweka kitambaa, na ule mwendo wa cherehani ndio ngoma ya bata akitembea. Papa Gaspard alikuwa na namna yake ya kutunga, na mtu akiisikia mara moja hawezi kuifananisha na ya mwingine. Alihesabu tatu, tatu, tatu, halafu ghafla nne, ili wimbo uchechemee kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Mahali pa huzuni alipiga haraka, mahali pa furaha alipiga polepole. Na noti ya mwisho, ile ambayo sikio linaingoja, hakuipiga. Aliiacha. "Msikilizaji ataimaliza yeye mwenyewe," alinambia, "na akiimaliza yeye, wimbo ni wake." Nilikuwa nimelelewa na nyimbo za kanisani zinazofika mwisho na kukaa chini. Nilimwona kama mtu aliyenifungulia dirisha ambalo sikujua kwamba nyumba yetu inalo.

Mchana tulikula mle mle chumbani, juu ya mkeka. Hadija alileta bugali ya muhogo na sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga, siku nyingine maharage. Kupitia ukuta wa mbao tuliwasikia wateja wakizungumza dukani, na mazungumzo yalikuwa yale yale. Nani amevuka leo. Barabara ya Walungu imefungwa. Gari la fulani limekutwa halina watu. Papa Gaspard aliacha kutafuna kila alipotajwa mtaa wake. Mimi niliacha kutafuna kila yalipotajwa makamio, yale malori makubwa, kwa sababu kaka yangu Aloys alikuwa fundi wa makamio. Alikuwa ameondoka na lori moja kwenda upande wa Kindu, vita ikaanza akiwa njiani, na tangu siku hiyo hatukupata neno. Mama alikuwa akishuka kutoka Giheke kila Jumanne na kila Ijumaa, anasimama karibu na mpaka, anawauliza watu wanaovuka, mmoja mmoja. Alijua kuuliza kwa adabu kiasi kwamba hata wale waliokasirika walimjibu.

Siku moja tukila, Papa Gaspard aliniuliza, "Consolée, kwenu kuko wimbo gani yenye haijafika kanisani na redio haiijue?"

"Iko moja. Lakini haiko ya kazi."

"Niimbie tu. Haitatoka humu."

Haukuwa wimbo hasa. Ulikuwa mluzi wa Aloys, noti saba tu. So do re mi, halafu do la so. Aliupiga akifika kwenye kona iliyo chini ya nyumba yetu, tangu akiwa mwanafunzi, ili Mama ajue kuweka sufuria motoni. Hakukuwa na mtu mwingine aliyeupiga. Hata mimi sikuwahi kuupiga nyumbani, kwa sababu ungemdanganya Mama. Niliupiga mle chumbani kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, taratibu, nikawaeleza ni wa nani, na machozi yakanitoka. Hadija akanishika goti. Papa Gaspard hakucheka. Alitazama chini, na vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vinatembea juu ya mkeka. Niliviona. Nilidhani anahuzunika.

Wiki mbili baadaye Mama alishikwa na malaria kali na nikampeleka hospitali ya Mibirizi. Nilikaa naye siku sita, nikilala chini kando ya kitanda chake, nikipika uji kwenye jiko la pamoja nyuma ya wodi. Niliporudi kazini niliambiwa kaseti imekwisha, Mademoiselle alikuwa na haraka. Nilisikitika kukosa siku za mwisho, hakuna zaidi. Papa Gaspard alinishukuru sana kwa kazi yangu. Alinishukuru kupita kiasi, na mimi nikajivuna.

Filamu ilionyeshwa Cyangugu, katika ukumbi wa parokia, mchana, madirisha yakiwa yamezibwa na mablanketi. Watoto walikaa sakafuni, watu wazima walisimama nyuma. Kila chupa iliyolia niliijua ni ipi. Bata alipofika sokoni watoto walikuwa tayari wamevunjika mbavu kwa kicheko. Kisha bata akageuka kurudi nyumbani, peku, na katika ile sauti ya kitana na karatasi, ikichechemea kwa hesabu ya tatu na nne, nikasikia so do re mi, do la. Ile so ya mwisho haikupigwa. Badala yake bata alianguka kwenye matope, na kengele ya baiskeli ikalia. Ukumbi mzima ulicheka. Padri alicheka mpaka akavua miwani. Mama mmoja kando yangu aliniegemea begani kwa kucheka, na mimi nilikuwa nimesimama, nikiangalia watu mia moja wakimcheka kaka yangu.

Nilimkuta nje, akipokea pongezi. Nilingoja wote waondoke. Hakujaribu kukana.

"Ju ya nini ulifanya vile?" nilimuuliza.

"Filimu ilikuwa na sauti zote, Consolée, lakini haikukuwa na roho. Ile yako ilikuwa na roho."

"Ungeniuliza."

"Nilijua utakataa. Njo maana sikuuliza."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemfafanulia mwanafunzi kanuni. Nimelipindua jibu lile miaka mingi. Kama angesema alisahau ni wa nani, ningeweza kumsamehe siku ile ile. Nilimgeukia Hadija, ambaye alikuwa amekanyaga cherehani siku walipourekodi. Aliapa kwamba Papa Gaspard alimwambia mimi nimekubali. Nilimwamini baada ya mwaka mzima, na mwaka huo hatukula sahani moja. Kaseti ilipotoka ilikuwa na picha ya bata na jina la Papa Gaspard peke yake. Jina langu halikuwapo, na ukweli ni kwamba sikulitafuta. Nilitafuta tu kuona kama ule wimbo umepewa kichwa. Ulikuwa umepewa. Uliitwa "Bata Anarudi Nyumbani".

Sikumwambia Mama. Nilijiambia kaseti haitafika Giheke. Lakini redio ikaipenda, wakaanza kuipiga mchana kati ya matangazo ya vifo na bei ya kahawa. Siku moja Mama alikuwa ameketi uani akipeta maharage, mimi nafua. Redio ilikuwa kwa jirani, chini kidogo ya shamba letu, karibu na ile kona. Upepo ulileta zile noti sita. Mama aliuweka ungo chini taratibu, maharage yasimwagike. Alisimama, akajifunga kitenge upya, akaingia jikoni, nikasikia anakoka moto. Kisha akatoka na beseni la maji na sabuni mpya, akaviweka mlangoni, akasimama akiangalia njia. Nguo zilikuwa mikononi mwangu zinanitiririkia maji miguuni. Kengele ya baiskeli ikalia, mtangazaji akaanza kuzungumza, na Mama aliendelea kusimama.

"Iko redio, Maman," nilimwambia.

"Najua iko redio. Sijakuwa mujinga." Hakunigeukia. "Nasema hivi, mwenye anapiga ile wimbo alisikia kwa mutoto yangu. Nani mwingine angemufundisha? Aloys iko muzima, Consolée. Huyo muntu alionana naye."

Pale ndipo ningesema. Ilikuwa sentensi moja tu: ni mimi niliyemfundisha. Nilifungua mdomo, na nikamwona usoni. Alikuwa na uso ambao sikuuona tangu vita ianze, uso wa mwanamke mwenye kazi ya kufanya. Nikasema, "Nitamutafuta, Maman," nikarudi kwenye karai.

Nilikwenda kwa Papa Gaspard kesho yake nikiwa na hasira ya kutosha watu wawili. Nilimweleza habari za beseni na sabuni. Nilitaka aumie. Aliumia, alikaa juu ya marobota ya mitumba akashika kichwa. Akasema atakuja Jumapili, ataomba radhi, atamwambia Mama ukweli wote kwa kinywa chake, mimi sitahitaji kusema lolote. Nilimwapisha. Aliapa kwa marehemu baba yake.

Jumapili alipanda kilima hadi kwetu amevaa koti lake, amebeba kilo mbili za sukari. Mama alikuwa amechinja kuku. Alimnawisha mikono mwenyewe, na alipomaliza kumimina maji hakuiachia ile mikono, aliishika yote miwili katika yake. Chumba kilikuwa kimefagiliwa mara mbili. Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cheupe cha siku za ubatizo.

"Papa," Mama alisema, "mutoto yangu ulimuona wapi?"

Papa Gaspard alinitazama. Akamtazama Mama. Nilingoja.

"Uvira, Maman," alisema. "Alikuwa anatengeneza kamio kando ya soko. Alikuwa anapiga ule mluzi, nikamuomba anifundishe."

"Amekonda?"

"Kidogo. Lakini alikuwa anacheka."

Mama alifumba macho akatikisa kichwa polepole, akimshukuru Mungu bila sauti. Kisha akaanza kuuliza. Alivaa nini? Anakula kwa nani? Anakohoa bado? Na Papa Gaspard alijibu kila swali. Aliyachukua mambo niliyomwambia mimi mwenyewe kwenye ule mkeka, kovu la kidevuni, namna Aloys alivyokuwa akifunga kamba za viatu mara mbili, akayapanga moja baada ya jingine, haraka pale pa huzuni, polepole pale pa furaha. Alitunga vizuri sana. Hata mimi, ninayejua kila kipande kilitoka wapi, kuna dakika nilimwona kaka yangu kando ya lile soko. Nilikula paja la kuku nililopewa.

Nilimsindikiza hadi kwenye kona. "Uliapa," nilimwambia.

"Nilikuja na ukweli mpaka mulangoni. Sasa akanishika mikono." Macho yake yalikuwa mekundu. "Na wewe ulikuwa umekaa pale, Consolée."

Sikuzungumza naye tena maisha yake yote. Vita ilipotulia alirudi Bukavu, akatunga mengine, akawa na jina. Mara mbili aliniletea salamu kupitia Hadija, mara mbili sikujibu. Wiki iliyopita nilikwenda mazikoni hata hivyo. Nilivuka daraja kwa miguu, nikasimama nyuma. Wanafunzi wake wa zamani walipiga chupa kando ya kaburi, na waombolezaji walitabasamu huku wakilia, kama alivyotaka daima. Binti yake alitoa hotuba, akasema baba yake hakuwahi kumdanganya mtu. Nilitazama viatu vyangu. Watu wananiuliza kama nimemsamehe, Hadija hasa. Namjibu kwamba kuna mambo mawili aliyonifanyia, na lile la kwanza nimelisamehe.

La pili ni hili. Wiki tatu baada ya ile Jumapili niliamka nikakuta kitanda cha Mama kimetandikwa. Alikuwa amechukua shati jipya alilomnunulia Aloys, akalifunga katika kitenge pamoja na unga wa muhogo, akamwachia jirani neno kwamba amekwenda Uvira kumchukua mutoto. Alishuka hadi Bugarama, akavuka kwenda Kamanyola, akafuata ile barabara ya bondeni ambayo hata wanaume wenye silaha waliiogopa. Alikuwa na miaka sitini na moja na alikuwa bado hajapona vizuri malaria. Nilikwenda mpakani kila siku, mahali pale pale aliposimama yeye, nikauliza maswali yale yale, watu wakanijibu kwa huruma ile ile. Nilimchukia Papa Gaspard kwa namna ambayo ilinitia hofu. Usiku sikulala, mchana sikula, na kila nilipokaribia kulisema jina lake kwa laana nilisikia, Na wewe ulikuwa umekaa pale.

Siku ya kumi na sita nilikuwa uani alasiri nikamwona anapanda njia. Alikuwa anatembea polepole, miguu imevimba, kitenge chekundu kwa vumbi. Nilikimbia nikampokea mzigo. Ulikuwa mwepesi, shati halikuwamo. Nilimkalisha mlangoni, nikamwosha miguu, na nilikuwa nimeamua. Nilikuwa na ile sentensi mdomoni tayari, yote, nikingoja tu anywe maji.

Alikunywa, akafuta mdomo. "Nilichelewa," alisema. "Alikuwa pale kweli. Banasema ametoka mwezi huu, amefwata kazi Kalemie. Shati nimeliachia muntu atamupelekea."

"Muntu gani, Maman?"

"Muntu moja."

Mama yangu hakuwahi kusema uongo, kwa hiyo hakujua jinsi ya kuusema. Aliusema akiangalia mikono yake. Sauti yake ilipanda mwishoni kama ya mtoto anayesoma shairi. Kisha akainua macho, akanikagua usoni kuona kama nimeamini, na nikaelewa kwamba njia yote ile, kutoka Uvira hadi Giheke, alikuwa akiyapanga maneno haya kwa ajili yangu, ili mimi nisibaki bila kaka.

"Anakula muzuri?" nilimuuliza.

"Anakula muzuri," alisema, akaninyooshea mkono nimsaidie kusimama.